Begi la kamera la kubeba mgongoni nyikani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninaishi Nakuru, na picha zangu nyingi nazipiga kati ya hapa na Ziwa Victoria: kreta ya Menengai, msitu wa Kakamega, ufuo wa Dunga kule Kisumu, mara mojamoja Mlima Elgon. Maswali haya nimeulizwa kwenye steji, ndani ya mitumbwi na kwenye vijia vya msituni, mengi yakitoka kwa watu ambao tayari walikuwa wamenunua begi lisilowafaa. Nimeyajibu kwa ninavyobeba mimi. Anayepigia picha ndani ya Land Cruiser yake mwenyewe atapata machache ya kumfaa hapa.

Nianze na nini: ukubwa, bei au jina la kampuni?

Anza na njia. Chukua karatasi uandike safari yako moja ya kawaida, kutoka mlango wa nyumba yako hadi pale unapobonyeza kamera. Yangu ya Kakamega iko hivi: matatu kutoka Nakuru, kushuka Khayega, boda kupitia Shinyalu hadi Isecheno, halafu miguu saa nne au tano msituni. Kwenye matatu nataka begi litakalokaa mapajani, kwa sababu kamera haipandi juu ya keria wala haiingii kwenye buti chini ya gunia la viazi. Kwenye boda nataka begi jembamba lisilozidi mabega. Msituni nataka mkanda wa kiunoni wa kweli. Ukishaandika hivyo, nusu ya mabegi ya dukani yatajiondoa yenyewe.

Matangazo humwonyesha mtu amesimama juu ya jabali akitazama machweo. Hayamwonyeshi akiwa amebanwa kiti cha nyuma cha matatu, goti likigusa kidevu.

Lita ngapi zinatosha?

Kwa matembezi ya siku moja, ukiwa na bodi moja (yaani kamera yenyewe bila lenzi) na lenzi mbili au tatu, lita 20 hadi 30. Kwa kulala nje, lita 35 hadi 50. Kupita hapo unabeba nyumba.

Lakini usidanganywe na lita peke yake. Kampuni nyingine hupiga hesabu ya mifuko yote ya nje pia, na sehemu ya kamera yenyewe ikawa theluthi tu. Wapiga picha wa ndege ndio huumia zaidi hapa. Lenzi ya Sigma ya milimita 150-600, ya kundi la Contemporary, ina urefu wa sentimita 26 na uzito wa kilo 1.93. Ukiiacha imefungwa kwenye kamera, unafika karibu sentimita 35, kwa hiyo tafuta nafasi ya ndani isiyopungua sentimita 40. Nenda dukani na lenzi yako. Muuzaji akikunja uso, nenda duka lingine.

Begi likijaa liwe na uzito gani?

Watembeaji wengi hushika kipimo cha sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili. Hesabu yangu ya siku ya ndege ni hii: bodi kilo 0.75, lenzi ya 24-70 kilo 0.8, ile ndefu kilo 1.93, tripodi kilo 1.8, maji lita mbili ambazo ni kilo 2, koti na chakula kilo 1, na begi tupu kilo 2. Jumla ni kilo 10 na ushei. Mtu wa kilo 60 mwisho wake ni 12, kwa hiyo nafasi iliyobaki si kubwa. Tazama pia kwamba maji ni mazito kuliko lenzi yoyote niliyonayo. Wanaopunguza mzigo hukimbilia kupunguza maji, nami nakusihi upunguze lenzi.

Begi tupu linalozidi kilo mbili na nusu kwa safari ya siku moja silitaki, hata liwe zuri namna gani.

Nitajuaje kama linanienea?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu hupima begi kwa urefu wa mtu badala ya urefu wa mgongo. Watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kutofautiana mgongo kwa vidole vinne.

Inamisha kichwa upapase nyuma ya shingo. Kuna mfupa unaochomoza. Halafu weka mikono kiunoni, vidole gumba vikielekea nyuma, juu kabisa ya mifupa ya nyonga. Mwenzako apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka ule mfupa wa shingo hadi mstari wa vidole gumba. Huo ndio urefu wa mgongo wako. Linganisha na umbali kati ya mahali mikanda ya mabega inapotokea na mkanda wa kiunoni.

Kisha lijaribu likiwa na uzito. Begi tupu huwa zuri kwa kila mtu. Tia kilo nane za kitu chochote, hata pakiti za unga za dukani, funga mkanda wa kiunoni kwanza uukaze juu ya mifupa ya nyonga, ndipo ukaze mabega. Ukilegeza mikanda ya mabega kidogo na begi halishuki, limekaa. Likikuning'inia mabegani, siku ya kupanda kutoka sakafu ya Menengai kurudi ukingoni, mita mia kadhaa za mwinuko juani, utalikumbuka duka lile kwa uchungu.

Mimi ni mwanamke na mikanda ya mabega hunikata kifuani. Kuna begi lingine?

Lipo. Tafuta mikanda iliyopinda kama herufi S, ambayo hupita pembeni mwa kifua, na mkanda wa kifuani unaoweza kupandishwa na kushushwa. Kampuni ya Shimoda ina mabegi ambayo mgongo wake hurekebishwa, na mikanda inaweza kubadilishwa kwa iliyotengenezwa kwa ajili ya wanawake. Kwenye begi la mtumba, fundi mzuri anaweza kuhamisha mkanda wa kifuani kwa nusu saa. Wanaume wembamba pia hufaidika na mikanda hiyo, ila hawaulizi.

Lifunguke upande gani?

Nitakaa hapa kidogo, maana swali hili lina uzito kuliko la lita.

Begi langu la kwanza lilifunguka mbele, yaani upande unaotazama nje ukilivaa. Siku moja tukitoka Shinyalu kwa boda, sikuwa nimefunga zipu hadi mwisho. Kwenye tuta la pili mwenye boda akaniambia, "Kaka, kuna kitu kimeanguka." Mimi sikusikia kitu. Tulirudi tukatafuta kwenye majani ya mfereji dakika ishirini, tukaipata lenzi ya milimita 50, kioo kizima, lakini pete ya fokasi ikikwaruza kama ina mchanga. Inakwaruza hadi leo.

Tangu hapo natumia begi linalofunguka mgongoni, upande unaogusa mwili. Ukilivaa, hakuna mkono wala tuta linaloweza kufikia zipu, iwe steji ya Kisumu jioni au kwenye foleni ya Nakuru. Ukilitua, matope hushika upande wa nje, na upande unaorudi kwenye shati lako hubaki mkavu. Mengi pia hukuruhusu kulizungusha mbele likiwa limening'inia kwenye mkanda wa kiunoni, ukabadilisha lenzi bila kuliweka chini. Kakamega hilo ni jambo kubwa: ukitua begi kwenye njia ya siafu, utajua kwa nini nasema.

Ubaya wake ni wepesi. Shorobo mkubwa wa buluu akitua juu ya mti, hana subira ya kungoja ufungue mikanda miwili na zipu ndefu. Ndiyo maana nataka pia mlango mdogo wa pembeni, wa kutoa kamera kwa mkono mmoja, na zipu yake iwe na ndoano ya kuizuia. Mabegi ya Peak Design ya kila siku hufunguka pembeni pande zote mbili na ni matamu mjini, lakini kwa mwendo wa saa nne na lenzi nzito hayana mkanda wa kiunoni ninaouamini.

Milango ya juu pekee, kama begi la shule, kwa kamera hapana. Kitu unachokitaka huwa chini kabisa siku zote.

Je, begi "lisiloingia maji" haliingii maji kweli?

Kitambaa huwa hakiingizi. Zipu na mishono ndiyo huingiza. Nailoni nzuri yenye mpako ndani itavumilia manyunyu, lakini Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua yenyewe hupenda kuja alasiri, kwa kishindo, upepo wa ziwa unapokutana na milima. Kwa hiyo beba kifuniko cha mvua hata kama lebo imekuapia.

Kifuniko nacho kina upungufu ambao haukuandikwa popote: hakifuniki upande wa mgongo wako. Maji hushuka shingoni, hupita kati ya shati na begi, na begi linalofunguka mgongoni lina zipu hapo hapo. Vaa koti la mvua la ukubwa wa kufunika mtu na begi lake, au weka kamera ndani ya mfuko usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo mara tatu na kuufunga. Kwenye boda, upepo huvua kifuniko kama kofia. Kifungie kwa kamba kupitia mkanda wa chini. Matope ya gurudumu la nyuma nayo hupiga kitako cha begi, kwa hiyo kitako kiwe cha kitambaa kigumu zaidi.

Si nitumie tu mfuko wa plastiki?

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Tena tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja, chupa za maji zikiwemo, haziruhusiwi kwenye mbuga na hifadhi. Hilo linagusa uchaguzi wako wa begi: hakikisha mfuko wa pembeni unaingiza chupa ya chuma ya lita moja, si chupa nyembamba ya dukani. Chupa ikae nje ya sehemu ya kamera. Maji yanayovuja ndani ya begi hayana tofauti na mvua.

Ninapanda mtumbwi Dunga alfajiri. Nifanye nini na begi?

Vaa jaketi la kuokolea kwanza, na begi lisivaliwe juu yake likiwa limefungwa. Mtumbwini, mkanda wa kiunoni na wa kifuani huwa wazi muda wote. Mtumbwi ukipinduka unataka kuliacha begi liende, nawe ubaki juu. Mimi huliweka mapajani, kwa sababu sakafuni mwa mtumbwi kuna maji daima, na maji hayo yana mafuta ya injini na magamba ya samaki.

Nenda mapema. Asubuhi ziwa huwa limetulia na ndege wa mafunjo huimba wakiwa wazi. Alasiri upepo ukigeuka, hata mvuvi hukunja nyavu zake. Kwa safari hiyo begi la lita 20 linatosha kabisa. Unakaa sehemu moja saa mbili, lenzi moja ndefu mkononi.

Kwa Mbuga ya Ziwa Nakuru ninunue begi gani?

Usinunue. Mbugani humo hutembei kwa miguu. Unashuka garini mahali palipotengwa tu. Begi lolote dogo linatosha. Unachohitaji ni mfuko wa kuegemeza lenzi kwenye dirisha. Shonesha mfuko wa jinzi kuukuu, ununue kilo mbili za maharagwe sokoni, uutie. Ukirudi nyumbani jioni, yachemshe na mahindi.

Kwa Hell's Gate, ambayo pia iko kaunti ya Nakuru, mambo ni tofauti, kwa kuwa kutembea na kuendesha baiskeli kunaruhusiwa. Kwenye baiskeli begi liwe fupi lisigonge kofia yako ukiinama, na mkanda wa kifuani ukazwe.

Nyani wa Baboon Cliff, ule mwamba wa Mbuga ya Ziwa Nakuru, wanafungua zipu?

Wanafungua. Na wakishindwa, wanalichukua begi zima. Hawana haja na kamera yako. Wanataka ndizi iliyo kando yake. Chakula kisikae kwenye begi la kamera mahali kama hapo. Begi likae mwilini mwako, halafu usimtazame nyani ukicheka, atakusoma vibaya.

Rangi ina maana?

Ina maana kuliko ninavyopenda. Ukienda mbuga ya Ruma, kule Homa Bay, kutafuta korongo, swala ambaye kwa Kenya amebaki huko tu, kumbuka kwamba bonde la Lambwe linajulikana kwa mbung'o. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na mabegi mengi ya kamera ni meusi. Funika begi kwa kifuniko cha kahawia au kijivu. Mjini, kinyume chake, begi jeusi lisilo na nembo kubwa ya kampuni ya kamera ndilo salama zaidi, kwa sababu linafanana na la mwanafunzi wa chuo.

Madoadoa ya kijeshi yaache kabisa. Raia haruhusiwi kuvaa mavazi yanayofanana na sare za jeshi hapa Kenya, na begi la namna hiyo litakuletea maswali kwenye kila kizuizi cha barabarani.

Naweza kutumia begi la kawaida la kupanda milima?

Naam, na kwa mfuko wangu ndiyo njia bora. Mkanda wa kiunoni wa begi la kupanda milima mara nyingi huushinda wa begi la kamera la bei hiyo hiyo. Unaongeza boksi la sponji la ndani lenye vigawanyo vya velkro. Kampuni ya F-stop hata huuza begi na boksi la ndani kila kimoja peke yake, kwa wazo hilo hilo. Boksi unaweza kulishonesha: sponji ngumu ya godoro yenye unene wa sentimita moja na nusu, si ile laini ya mto, kitambaa laini juu yake, na fundi anayejua kushona velkro isibanduke. Chagua begi lenye zipu ndefu ya mbele au mgongoni, vinginevyo utakuwa unachimba kisima kila ukitaka lenzi.

La mtumba nikague nini?

Jumapili Kibuye, Kisumu, nimeona mabegi ambayo yakiwa mapya nisingethubutu kuuliza bei. Geuza begi ndani nje. Mpako wa ndani ukibanduka kama ngozi ya nyoka, au ukinata vidoleni na kutoa harufu kali, umeoza. Hauoshwi wala hautengenezeki, na utaacha vipande kwenye kioo cha lenzi. Vuta kila zipu mara kumi. Meno yaliyolegea hurekebishwa, na zipu nzima hubadilishwa, lakini gharama hiyo iondoe kwenye bei kabla hujalipa. Bonyeza sponji ya mabega: ikibaki na shimo la kidole, imekufa. Mwisho shika mkanda mmoja wa bega, utikise begi zima likiwa na kitu kizito, usikilize mshono.

Mama mmoja muuzaji aliniambia, "Mwanangu, unalinunua au unalipiga?" Nililinunua.

Tripodi ifungwe wapi?

Katikati ya mgongo wa begi kama ni nzito, pembeni kama ni nyepesi, miguu ikiingia kwenye mfuko na kamba ikiibana juu. Ikifungwa pembeni, chupa ya maji ikae upande wa pili ili begi lisikuvute. Kwenye boda ifungue uishike mkononi, isimame wima kati yako na mwenye boda. Tripodi inayochomoza pembeni imewahi kugonga kioo cha gari la mtu.

Na Mlima Elgon?

Huko ndiko lita 40 zina kazi. Kilele cha Koitobos kina mita 4,222, na usiku wake ni wa nguo za baridi. Betri huisha haraka kwenye baridi, kwa hiyo zilale nawe ndani ya begi la kulalia. Ukishuka kwenye joto usifungue begi mara moja. Liache saa moja au zaidi limefungwa. Kamera baridi ikikutana na hewa ya joto yenye unyevu, kioo hulowa nje na wakati mwingine ndani.

Kwenye pango la Kitum, ambako tembo huingia kuchokoa chumvi ukutani, begi lisikae sakafuni. Watu wawili waliokuwa wamezuru pango hilo, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, waliugua homa ya Marburg, inayohusishwa na popo wa matunda. Kinyesi cha popo kwenye kitako cha begi utaenda nacho hadi hemani.

Nikisafiri kwa ndege kutoka Kisumu?

Betri za akiba za lithiamu husafiri nawe juu, si kwenye mizigo ya chini, na kila moja iwe na kifuniko au mkanda wa gundi kwenye vichwa vyake. Za kamera za kawaida ziko mbali chini ya kikomo cha wati-saa 100.

Zipu yangu imeanza kukwama. Nipake mafuta?

Usipake. Mafuta hunasa vumbi la Bonde la Ufa, na ndani ya mwezi una sandipepa. Safisha meno kwa mswaki mkavu wa zamani, halafu upitishe nta ya mshumaa. Ukitoka kando ya maziwa ya magadi, lipanguse begi kwa kitambaa chenye maji safi, kwa sababu vumbi lile jeupe la magadi hula vyuma vya zipu polepole.

Naweza kuhifadhi kamera ndani ya begi nyumbani?

Ukiwa Nakuru, wiki moja mbili haidhuru. Ukiwa Kisumu, la. Sponji hunywa unyevu na kuukalia, giza limo, hewa haipiti. Kuvu huota kwenye vioo vya lenzi kama utando wa buibui na kula mpako wake. Toa kila kitu. Weka lenzi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana pamoja na vipakiti vya silika jeli vinavyonyonya unyevu, na begi lenyewe ulianike likiwa wazi, zipu zote chini, kivulini.